Maneno ya buletini: "muzuri zaidi" iko wapi?

Aliyenifundisha kuandika maneno ya buletini, yaani ripoti ya matokeo ya mwanafunzi, ni mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, Kongo. Alikuja shuleni siku mbili baada ya buletini za muhula wa kwanza kutoka, akakaa kwenye benchi la wanafunzi, akaweka kidole pale nilipoandika "Peut mieux faire". Binti yake ndiye aliyemtafsiria. "Mwalimu," akasema, "mumeandika anaweza kufanya muzuri zaidi. Hiyo muzuri zaidi iko wapi, nimupeleke?"

Sikuwa na jibu. Mwaka ule nilikuwa na watoto 58 wa mwaka wa pili, na maneno hayo matatu nilikuwa nimewaandikia karibu ishirini kati yao, usiku mmoja, kwa taa ya simu.

Buletini yetu mnaijua: pointi za kila somo, jumla, asilimia, nafasi, kisha visanduku vya bidii na mwenendo, kisha sahihi ya mwalimu na ya mzazi. Isiyofika nusu inaandikwa kwa kalamu nyekundu. Chini kuna onyo kwamba ikifutwafutwa haina thamani tena. Kwa hiyo maelezo ya maana siyaandiki humo. Ninakata nusu ya karatasi ya daftari la miraba, ninaandika kwa Kiswahili, na ninampa mtoto apeleke nyumbani.

Kwa nini Kiswahili, wakati buletini ni ya Kifaransa? Kwa sababu nyumba nyingi, msomaji wa buletini ni mwenye buletini mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja niliyemwandikia "distrait", yaani mawazo yake hayatulii darasani, alimwambia bibi yake kwamba maana yake ni mtoto mtulivu. Bibi akaja kunishukuru.

Sasa, cha kuandika. Sheria yangu ni moja: jambo moja nililoliona kwa macho, na jambo moja la kufanya nyumbani bila kununua kitu. Chukueni hesabu. Kuna watoto ambao kwenye 42 − 17 wanaandika 35. Hawakukisia. Wameona 2 na 7, wakatoa kidogo katika kikubwa bila kujali kipi kiko juu, 5. Kisha 4 toa 1, 3. Mtoto huyo ana kanuni, ila si ile niliyomfundisha. Nikiandika "ni dhaifu katika hesabu", nyumbani watafanya nini na neno hilo? Nilichoandika ni hiki: "Anatoa vizuri hadi 20. Akivuka hapo, anasahau kuvunja kumi. Mpeni maharage 42, ayapange mafungu ya kumi-kumi, kisha mwombeni 17. Atalazimika kuvunja fungu moja. Jioni tatu kwa wiki, dakika kumi."

Mzazi ambaye hakusoma hata siku moja anaweza kufanya hivyo. Mama wa sambaza anafanya zaidi, maana kupanga mafungu ndiyo kazi yake.

Kusoma ni vilevile. "Anasoma polepole" haisaidii. "Anachanganya b na d, na anasimama akikuta mb au nd" inasaidia, hata kwa mwalimu wa mwaka wa tatu atakayempokea.

Kuna maneno niliyoyafukuza kabisa: mvivu, mtukutu, mjinga. Si kwa upole tu. Neno "mvivu" likifika nyumba fulani, fimbo inatoka kabla sentensi haijaisha, na anayepigwa ni mtoto anayeamka gizani kuchota maji kabla ya shule. Ninaandika nilichohesabu: "Mwezi huu amelala darasani mara sita, kila mara kabla ya mapumziko." Mzazi atajua sababu kuliko mimi.

Wa kwanza darasani nao tunawaonea. "Très bien, continue!", vizuri sana, endelea! Aendelee na nini? Mtoto wa 90% naye ana kitu asichokijua, na kama hujakiona, basi hujamwangalia; umeangalia pointi zake tu.

Karatasi yangu inatangulia buletini kwa wiki moja. Hili nilijifunza kwa utafiti wa mwanasaikolojia wa elimu Ruth Butler, aliyeufanya Israeli na kuuchapisha mwaka 1988. Watoto waliopewa maelezo peke yake waliendelea kupenda kazi na kuifanya vizuri zaidi. Waliopewa maelezo pamoja na alama walikuwa kama waliopewa alama tupu. Mimi ninaliona kila mwaka siku ya kutangaza matokeo: nafasi ikishasomwa, "wa 41 kwa 58", hakuna sikio linalobaki kwa jambo lingine.

Direkta wangu wa zamani, mkuu wa shule, aliniuliza muda ninautoa wapi. Siutoi mwisho wa muhula. Kila siku ninachagua watoto watatu, na saa ya mazoezi ninawaangalia hao zaidi ya wengine, ninaandika mstari mmoja mmoja kwenye daftari la mfukoni. Kwa wiki nne hivi nimewamaliza wote 58. Wiki ya kwanza niligundua kwamba kulikuwa na watoto tisa ambao sikuwa na la kuandika juu yao. Wale wanyamavu wa benchi za katikati. Hilo lilinichoma kuliko swali la yule mama.

Chini ya karatasi ninaacha mistari miwili ya jibu. Nyingi zinarudi tupu, au na sahihi tu. Ya mtoto wa 42 − 17 ilirudi na mwandiko wa dada yake mkubwa: "Mwalimu, amejua kuvunja kumi. Lakini maharage tumeshayapika, sasa tunatumia mawe."