Je, wajua kwa nini mkono wa breki uliofungwa usiku huamka mgumu?

Ukipita jioni kwenye banda la fundi pikipiki pale Chake Chake, huenda ukakuta pikipiki imeegeshwa na mkono wake wa breki ya mbele umebanwa kwenye usukani kwa kipande cha tyubu. Mwenyewe amekuja na malalamiko: "Ami, breki inazama." Fundi akamjibu: "Iache hivyo mpaka asubuhi, itatoa upepo." Na asubuhi mkono huwa mgumu kweli.

Upepo huo ni hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, na wengi husema kwamba usiku kucha mafuta yanausukuma nje. Inaingia akilini, ila upepo wenyewe hauna pa kutokea. Chini ya kikopo cha mafuta, ndani ya masta silinda, yaani pampu ndogo inayosukumwa na mkono wa breki, pana kitundu chembamba mno, nacho ndicho njia ya kurudi kikoponi. Ukibana mkono, kitu cha kwanza pistoni inachofanya ni kukipita kitundu hicho na kukiziba. Isipokiziba, mafuta yatarudi kikoponi na breki haitashika kabisa. Kwa hiyo saa zote ambazo tyubu imebana, mlango umefungwa. Wala upepo haupenyi kwenye mipira ya pistoni: mipira ingekuwa inavuja kiasi hicho, asubuhi ungekuta kalipa, kile kifaa cha gurudumuni kinachobana diski, imelowa mafuta. Kuongeza mafuta kikoponi, dawa nyingine ya haraka, nako hakufiki ulipo ugonjwa. Kiputo kilichokwama katikati ya paipu hakiondoki kwa sababu kikopo kimejaa.

Kwanza tuone upepo unaharibu nini. Chukua bomba la sindano, lijaze maji, ziba ncha kwa kidole, kisha sukuma. Halisogei. Acha upepo kidogo ndani, usukume tena: linasogea, na ukiliachia linarudi. Maji hayafinyiki, upepo unafinyika, na mafuta ya breki yako upande wa maji. Sasa tupige hesabu. Pistoni ya masta yenye kipenyo cha milimita 12.7 ikisogea milimita 10 husukuma mafuta kama sentimita 1.3 za ujazo, basi. Kiputo cha nusu sentimita ya ujazo kikifinywa hadi karibu kuisha kinakula milimita 4 za mwendo huo. Mkono wa breki ni wenzo, kwa hiyo vidole vyako vitazama sentimita 2 hivi kabla breki haijaanza kushika.

Usiku, kinachotokea ni kwamba kiputo hupungua. Robert Boyle alishaandika mwaka 1662 kwamba presha ikiongezeka mara mbili, ujazo wa hewa hubaki nusu. Kiputo kilichojaza upana wa paipu hukwama, lakini kikisinyaa, mafuta hupata upenyo wa kushuka pembeni yake nacho hupanda. Polepole, lakini usiku ni mrefu. Viputo hukusanyika juu, karibu na kile kitundu, vikingoja. Upepo unatoka asubuhi, pale tyubu inapofunguliwa na pistoni inaporudi nyuma. Ukiondoa kifuniko cha kikopo na kuuachia mkono taratibu, utaviona vikichomoza kama chembe. Taratibu, kwa sababu mafuta haya yakiruka hula rangi ya tangi. Yakimwagika, mwagia maji mengi mara moja.

Hayo hayamalizi hadithi yote. Sehemu ya upepo huyeyuka ndani ya mafuta ikiwa chini ya presha, kisha hujitenga tena presha ikishuka, na huenda ndiyo maana breki nyingine huamka ngumu na kulegea tena baada ya siku chache. Upepo ulio chini kabisa, ndani ya kalipa, nao haulazimiki kupanda.

Huo hutolewa kwa njia ya kawaida: paipu nyembamba ya plastiki kwenye nati ya kutolea upepo, ncha yake ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, bana mkono, legeza nati, kaza nati, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla ya kukaza, unavuta upepo mpya. Kikopo kisikauke katikati ya kazi. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, na kopo lililokaa wazi tangu masika ya mwaka jana liache. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani: DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishakunywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155.

Klachi ya waya haina mafuta wala upepo wa kutoa. Ukikuta mkono wa kushoto ndio uliofungwa kwa tyubu, pikipiki hiyo huenda inawekwa muda mrefu na mwenyewe anaogopa sahani za klachi zisigandane.