Ditekta ya kiwandani na iliyochezewa: nilichosikia Chunya

Mwaka jana kijana mmoja wa Makongolosi, wilayani Chunya, alinishushia karakanani, hapa Mbeya, begi la mgongoni zito kama ndoo ya maji. Ndani mlikuwa na betri ya pikipiki ya volti 12, kijibodi cha saketi cha kushushia umeme kilichoviringishwa selotepu nyeusi, na waya mbili zilizokwenda hadi kwenye ditekta ya kutafutia dhahabu, Minelab SD 2200 iliyochakaa rangi. "Fundi, hii imeongezwa nguvu," akaniambia, "ila ikiwaka tu inalia mpaka niizime." Aliyemwongezea nguvu alikuwa amemwahidi kwamba itasikia dhahabu mita mbili chini.

Mashine za namna hii hunijia karibu kila mwezi, kwa hiyo niseme msimamo wangu mapema: sehemu kubwa ya kinachouzwa kwetu kwa jina la nguvu ni sauti. Sauti si kitu kibaya, nitaieleza. Lakini bei ya sauti si bei ya nguvu.

Ditekta hizi, tangu zile SD za miaka ya 1990 hadi GPX 5000 iliyotoka 2010, zinafanya kazi kwa mapigo. Koili, yaani ile sahani ya nyaya unayoipitisha juu ya ardhi, inasukumiwa umeme, umeme unakatwa ghafla, kisha mashine inatega sikio. Metali yoyote iliyoguswa na pigo hilo hubaki na mkondo mdogo wa umeme unaozunguka ndani yake huku ukififia. Kipande kikubwa kinafifia polepole. Punje ndogo inafifia ndani ya mikrosekunde chache, na mashine ikichelewa kidogo kusikiliza, punje imeshanyamaza. Ndiyo maana SDC 2300, inayowahi kusikiliza na yenye koili ndogo, huokota vijipunje ambavyo SD ya zamani ilipita juu yake miaka yote.

Sasa hiyo nguvu. Pigo linadhoofika likishuka ardhini, na jibu la dhahabu nalo linadhoofika likipanda. Kipande kidogo kikiwa mbali na koili, kila safari inapunguza ishara kwa kadiri ya umbali uliozidishwa wenyewe mara tatu; kwenda na kurudi, mara sita. Piga hesabu hiyo na koili ya inchi 11 na kipande unachokisikia kwa tabu kwenye sentimita 40. Ukiongeza mkondo wa koili maradufu, utakisikia kwenye sentimita 45 au 46. Hapo umetumia umeme mwingi zaidi, koili inapata joto, na mita mbili za yule fundi mwenzangu bado ziko mbali.

Na hizo sentimita tano utazipata kwenye ardhi iliyotulia. Udongo wa Chunya haujatulia. Morami nyekundu, kokoto za chuma, mchanga mweusi kwenye makorongo: vyote hivyo vinajibu pigo. Ukizidisha pigo, udongo nao unajibu kwa kadiri ileile, na dhahabu inabaki imefunikwa kama ilivyokuwa. Mahali ambapo pigo kubwa linasaidia kweli ni pale kelele inapotoka kwingine, si ardhini, kwa mfano karibu na nyaya za umeme, maana kelele hiyo haikui ukiongeza mkondo.

Kijibodi cha yule kijana kilikuwa na ubaya wake wa ziada. Vijibodi hivi vya bei ndogo vinashusha umeme kwa kuukata na kuuwasha maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa kuchajia simu havina neno. Kwenye ditekta inayotafuta mnong'ono, ni sawa na kumweka mpiga ngoma ndani ya chumba cha kupimia moyo. SD ilitengenezewa betri ya volti 6. Yeye alikuwa anailisha zaidi ya 8, tena chafu.

Wapo lakini mafundi wanaofanya kazi hii kwa adabu, hasa Australia zilikotoka mashine hizi. Wanaweka betri ya lithiamu yenye kidhibiti kisicho na kelele ili volti zisiteremke kadiri siku inavyokwenda, wanabadilisha sehemu za mwanzo za kupokea ishara ziwe na kelele ndogo, wanasafisha mlio. Mzee mmoja wa Lupatingatinga anayo GPX 5000 ya namna hiyo, kainunua kwa mtu, na anaiapia. Nikamwomba tuipambanishe na yangu, ambayo haijawahi kufunguliwa hata skrubu.

Majaribio ya watu wengi yanaharibikia hapa: wanachimba shimo, wanafukia kipande, wanapitisha koili. Udongo uliochimbwa si ule tena. Mashine inaweza kulia kwa sababu ya shimo lenyewe. Sisi tulitafuta kingo za korongo, tukatoboa kwa pembeni, tukapenyeza bomba la plastiki chini ya ardhi ambayo haijaguswa juu. Kipande kilikuwa risasi ya ndoano, ile metali ya kuzamishia mshipi wa samaki, ya uzito wa gramu moja hivi, kwa sababu risasi inajibu karibu sawa na dhahabu na ikipotea humo ndani hakuna anayelia. Mjukuu wa mzee alikuwa anarusha sarafu: ikianguka kichwa, anaisukuma risasi ndani kwa kijiti, ikianguka upande wa pili, anasukuma kijiti kitupu. Mimi juu nimempa mgongo, koili ni moja ileile, inahamishwa kutoka mashine hadi mashine. Nasema "ipo" au "haipo", yeye anaandika kwenye daftari la shule.

Kwa kina ambacho mashine yangu ilinifanya nibahatishe, ya mzee ilinipa jibu. Sikuficha, mzee alicheka mpaka akakaa chini. Ule mlio wake wa chini, wa kusikilizia, ulikuwa umenyooka kama uzi, na risasi ilipopita uzi ukatetemeka kidogo tu. Wangu ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe.

Kisha nikachomoa kiamplifaya chake kidogo cha nje pamoja na hedifoni zake, nikavichomeka kwenye mashine yangu. Tukarudia yote. Tofauti karibu yote ikaisha. Ishara ilikuwa inafika kwenye mashine yangu siku zote. Aliyekuwa haisikii ni mimi, na hedifoni zangu zilizopasuka sikio la kushoto. Mzee hakupenda matokeo hayo, na daftari akalichukua mjukuu.

Huwa najiuliza ni wangapi wametoa pesa ya ng'ombe kufungulia bodi ilhali walihitaji hedifoni nzuri.

Koili ndiyo mahali ambapo kubadilisha kunalipa, wala hakuhitaji kufungua kitu. Koili za mono, ambazo waya mmoja hutuma pigo na kusikiliza, za Coiltek au Nugget Finder zinaingia kwenye soketi ileile ya GPX, na ndogo ya inchi 8 kwenye udongo mfupi juu ya mwamba itakupa punje ambazo kubwa ya inchi 18 haizioni. Kubwa inashuka zaidi kwa kipande kikubwa, ila inasikia udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja. Za kusuka nyumbani nimeziona nyingi. Nyingi zinalia vizuri kwenye jembe na kopo, ila kwa waya wenye ganda lisilofaa koili inachelewa kutulia baada ya pigo, na zile mikrosekunde chache za punje ndogo zinapita bure. Mwenyewe anasema mashine "haipendi dhahabu ndogo". GPZ 7000 ni habari nyingine: koili yake ina chipu, na wapo waliokata koili nzima ya kiwandani ili waichukue chipu na kuunga ya kwao. Mimi kisu hicho sikishiki.

Kabla hata ya koili, angalia taimingi, yaani mpangilio wa mapigo na usikilizaji unaouchagua kwenye mashine. GPX nyingi zinazofika mezani kwangu ziko kwenye Normal, wakati zinatembezwa kwenye morami ambayo ingetaka Fine Gold au Enhance. Hilo ni badiliko la kiwandani, limeshalipiwa, liko kwenye menyu. Na kama mashine haifanani na menyu hiyo, au maandishi yake yamepinda, huenda si ya kuboreshwa, ni feki. GPX 5000 za kuigiza zimesambaa sana Afrika, na hiyo hata uifungie betri ya lori haitasaidika.

Jambo ambalo wauza nguvu hawalisemi ni misumari. Lupa, machimbo ya dhahabu ya huko Chunya, ilichimbwa sana miaka ya 1930, na waliochimba waliacha makopo, maganda ya risasi, misumari ya viatu. Mashine ya mapigo haichagui vizuri chuma kilicho chini. Ukiipandisha masikio, unasikia misumari zaidi kabla ya dhahabu zaidi. Mzee wa Lupatingatinga ana kopo la maziwa limejaa misumari ya viatu, na nusu yake, anakiri, imetoka tangu ainunue ile GPX iliyoboreshwa.

Yule kijana wa Makongolosi nilimkuta na ugonjwa wa kawaida kabisa: waya wa koili umekatika nusu pale unapoingia kwenye plagi, unagusa na kuachia kila anapoinama. Nilikata sentimita chache, nikalehemu upya, nikaosha soketi kwa spiriti, nikamrudishia betri ya volti 6 na kumtafutia hedifoni. Tulitoka nje, akaipitisha juu ya risasi yangu ya ndoano kwenye uchafu wa karakana, ikalia mara moja tu, ikanyamaza. Akaipitisha tena.

"Fundi, mbona imekuwa kimya hivi?" akaniuliza, kama aliyeibiwa. Nikamwambia arudie polepole, koili ikwaruze chini. Alirudia kama dakika kumi hivi, kisha akaifunga betri ya pikipiki nyuma ya bodaboda ya nduguye aliyekuwa anamsubiri barabarani, maana ndipo ilipokuwa imetolewa.