Rimu moja, rangi mbili: ipi itangulie?

Mteja akija na rimu za pikipiki akataka nyeusi tupu, tunaelewana mlangoni. Akitaka nyeusi yenye ukingo mwekundu, namvutia kiti. Wengi hudhani rangi ya pili ni kuongeza unga na bei basi. Kazi yenyewe iko kwenye kuamua rangi ipi itangulie, na hiyo iliyotangulia iokwe kiasi gani.

Kwa asiyeijua kazi hii: rangi ya unga haina thina. Unga mkavu hupita kwenye bunduki inayoutia chaji ya umeme, kilovolti 60 hadi 100, na rimu huwa imening'inia kwenye kulabu yenye waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Unga huvutwa na chuma ukaning'inia hapo kama vumbi la barabara ya kiangazi. Oveni ndiyo inayouyeyusha, ukatandaa na kuwa ngozi moja ngumu. Unga wa aina ya polyesta ninaoutumia sana unataka dakika 10 kwenye nyuzi joto 200, na hizo nyuzi ni za chuma, si za hewa ya oveni. Ukingo wa rimu ni mwembamba, unapata moto haraka. Kitovu kinene bado kinajivuta. Mimi saa yangu naianza kitovu kikishafika.

Maandalizi sitayarefusha. Beringi na mipira yote inatoka, rimu inapigwa mchanga hadi alumini iwe nyeupe, kisha inaokwa tupu. Alumini ya kumimina ina vinyweleo vyenye mafuta na hewa. Visipopumua mapema vitapumua chini ya rangi yako na kuacha matundu kama ya chapati. Viti vya beringi na pale diski ya breki inapokaa huzibwa kabisa. Rangi ya mikroni 70 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kila upande hupunguza kipenyo kwa milimita 0.14, na beringi haina msamaha wa namna hiyo.

Sasa mpangilio. Rangi ya kwanza huingia motoni mara mbili. Nyeupe ikizidishiwa moto hugeuka rangi ya siagi, kwa hiyo utashawishika kuiweka mwisho. Lakini nyeupe juu ya nyeusi haifuniki vizuri. Utaongeza unga, utaongeza tena, na mwisho uso unakuwa kama ganda la chungwa. Ninachofuata mimi ni hiki: naanza na sehemu iliyo rahisi kufunika kwa tepu. Ukingo ni duara safi, tepu inazunguka bila ubishi. Mikono ya rimu, ile inayounganisha kitovu na ukingo, ina mikunjo, kuifunika ni mateso. Basi rangi ya ukingo hutangulia, hata kama ni nyeupe, na ikimwagikia mikononi si neno, nyeusi itapita juu yake.

Kinachoiokoa nyeupe hiyo ni kuiva nusu. Unga ukishayeyuka na kung'aa, naipa dakika chache tu, naitoa. Faida ni mbili: haichomwi kupita kiasi, na rangi ya pili inashikamana nayo barabara. Ukiiacha iive kabisa, itabidi uikwaruze kwa msasa kwanza, la sivyo rangi ya juu itakuja kubanduka.

Tepu iwe ile ya polyesta ya kijani yenye gundi ya silikoni. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi itaungua na kukuachia gundi iliyokauka. Na kwa rangi ya pili umeme wa bunduki ushushwe, mimi hufika kilovolti 40 hivi, kwa sababu rangi ya kwanza imekuwa kizuizi cha umeme; chaji ikikosa pa kutokea, unga huanza kujirusha na kuacha vishimo. Kushusha huku kunasaidia pia kwenye pembe za mikono, ambako unga hupenda kukimbilia kingo na kuacha ndani patupu. Kulabu yenye rangi kuukuu isuguliwe, maana ethi ikikatika hakuna bunduki itakayokusaidia. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine: unyevu. Unga hufanya madonge, kompresa hutema maji. Bila kichujio cha maji usianze.

Tepu itolewe lini? Hapa niliwahi kuaibika. Niliiacha hadi rangi ikaiva na kupoa, nikaivuta, mpaka wa rangi ukatoka na meno kama msumeno. Nilirudia rimu zote mbili kwa gharama yangu. Siku hizi narudisha rimu motoni hadi unga wa pili uonekane umelowa tu, naitoa, navaa glavu, navuta tepu ikiwa ya moto, nikiikunja kurudi nyuma, kisha rimu inarudi kuivishwa moja kwa moja.

Maandishi yaliyoinuka kwenye rimu hayahitaji tepu kabisa: nyunyiza rangi ya pili, futa herufi kwa kidole kilichovikwa kitambaa kabla ya kuoka. Ukikosea, puliza unga wote uanze upya. Rangi ya kimiminika haikupi nafasi hiyo.

Kuna kijana alitaka rangi zote nne za bendera ya Tanzania kwenye rimu moja. Nilimkatalia: alumini iliyokomazwa kwa joto kiwandani hulegea ikizidishiwa saa za oveni, na mimi sipendi kuirudisha humo mara nne rimu itakayobeba mtu. Alinuna kidogo, akachukua kijani na nyeusi. Njano na bluu alizipata kwa stika.