Lupasi na unyumba: maswali ya kuuliza kliniki, si mtaani

Tangu kampeni ya Siku ya Lupasi Duniani, Mei 10, kliniki yetu imeanza kupokea wageni wa aina mpya: waume, wachumba na mara chache wake, wanaofika dirishani na kadi ya mgonjwa, mgonjwa mwenyewe kabaki nyumbani. Wanataka kuambiwa "ukweli". Tunashukuru kwa mwamko huo. Hata hivyo, yapo mambo ambayo kitengo kinalazimika kuyaweka sawa.

Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, haiambukizi. Si kwa busu, si kwa tendo la ndoa, si kwa kulala kitanda kimoja. Sentensi hii imo katika kila kipeperushi tulichogawa, na bado tunaulizwa kama kondomu inahitajika "kwa usalama". Kondomu ina kazi zake, lakini hiyo si mojawapo.

Kinachovuruga nyumba nyingi ni kwamba dalili za ugonjwa huu husomwa kama ushahidi wa kosa. Nywele zimenyonyoka na mdomo una vidonda: ukweni wameshapitisha hukumu ya Ukimwi bila kipimo. Mke kapanda kitandani mapema na kugeukia ukutani: hanitaki tena. Tendo linamuuma: ana mwingine. Ndugu zangu, uchovu wa lupasi hauishi kwa kulala usiku mmoja, na kwa baadhi ya wagonjwa tezi zinazotoa unyevunyevu hushambuliwa, hivyo macho, mdomo na uke hukauka kwa pamoja. Prednisoloni, dawa ya kutuliza lupasi, nayo huvimbisha uso, huongeza uzito na huweza kubadili hisia, na mtu asiyejipenda kwenye kioo hujificha hata kwa mwenza wake.

Mfano mbaya kuliko yote ni kaswende. Mjamzito anapimwa VDRL au RPR, kipimo kinasoma chanya; mume kapimwa, hana kitu. Vipimo hivyo havitafuti mdudu wa kaswende mwenyewe. Hutafuta kingamwili fulani (protini za kinga zilizomo kwenye damu), ambazo baadhi ya wagonjwa wa lupasi wanazo bila kuwahi kuugua kaswende. Ndiyo maana majibu hayo huthibitishwa kwa kipimo kingine, kama TPHA. Yupo mama aliyerudishwa kwao na begi moja kwa sababu ya karatasi ya maabara, kabla TPHA haijafanyika. Ilipofanyika, ikawa hasi. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba kingamwili za jamii hiyo zinaweza kugandisha damu na kuharibu mimba, kwa hiyo karatasi ile ilipaswa kumleta kwa daktari haraka, si mbele ya wazee.

Kuhusu faragha yenyewe, wengi huona aibu kuuliza, basi niseme. Usiku, baada ya kufunga duka, kupika na kulaza watoto, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Chagueni saa ambayo mgonjwa amepumzika na dawa ya maumivu imeshafanya kazi. Kuoga maji ya uvuguvugu kabla husaidia maungio. Nyonga au magoti yakiuma, laleni ubavu, mto katikati ya magoti. Kwa ukavu, tumieni kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa. Mafuta ya nazi na ya mgando hupasua kondomu za mpira. Vidonda vikiwapo sehemu za siri, subirini na mje vionekane, kwa sababu si kila kidonda ni cha lupasi. Pia wanawake wenye lupasi wasikose uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, hasa wanaotumia dawa za kushusha kinga.

Wanaume nao huugua, ingawa takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake. Kwao tatizo la nguvu huweza kutokana na uchovu, dawa au msongo. Dawa za barabarani za "heshima ya ndoa" hazina nafasi kwa mtu ambaye figo zake, zinazoweza kushambuliwa na lupasi, tunazilinda.

Uzazi wa mpango usichaguliwe kwa ushauri wa jirani. Mwenye kingamwili za kugandisha damu hapaswi kutumia vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni, na sindano kwa kawaida hatumshauri. Kitanzi humfaa zaidi. Wapo wanaoacha uzazi wa mpango kimyakimya kwa sababu ukweni wanahesabu miaka. Naelewa shinikizo hilo, lakini mikofenolati, dawa ya kushusha kinga, huharibu kiumbe tumboni na inatakiwa isimamishwe angalau wiki 6 kabla ya kushika mimba, nafasi yake ikichukuliwa na dawa nyingine. Methotreksati, nayo ya kushusha kinga, haitakiwi kwa anayetaka mimba. Siklofosfamidi, dawa nyingine ya kushusha kinga, inaweza kupunguza uwezo wa kuzaa kwa mke na kwa mume. Haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi ambayo wengi huitupa wakigundua ni wajawazito, ndiyo inayotakiwa kuendelea. Mwenye lupasi anaweza kuzaa. Tunachoomba ni ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6 kwanza, na tuambiwe kabla, si baada.

Sasa suala la dirishani. Mhudumu hawezi kumpa mume majibu ya mke, wala mke majibu ya mume, hata kwa cheti cha ndoa. Taarifa za afya zinalindwa, pamoja na sheria nyingine, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuzitoa kinyume cha sheria kunaweza kuleta faini au kifungo. Daktari anayevunja siri anaweza pia kufikishwa mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye mamlaka ya kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye rejesta. Kumgombeza karani, basi, ni kumgombeza mtu anayefuata sheria.

Utaratibu ni huu. Mgonjwa aje mwenyewe na kuomba miadi ya pamoja. Atajaza fomu ya ridhaa mbele ya muuguzi, akitaja jina la mwenza na mambo anayoruhusu yazungumzwe. Anaweza kuruhusu tuzungumzie dawa na kukataa tuzungumzie historia ya mimba, na anaweza kuibatilisha ridhaa wakati wowote. Mwenza aje na kitambulisho chake. Wanaotumia bima wahakikishe barua ya rufaa haijapitwa na muda, maana tunawarudisha wengi kwa hilo tu. Dawa zote zinazotumika nyumbani, zikiwamo za miti shamba, ziletwe kwenye mfuko zikiwa na vifungashio vyake, kwa sababu "kile kidonge cheupe" hakitusaidii.