Mbu hawamaliziki, chandarua cha nini?

Kila nikionyesha watu modeli yangu ya malaria, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria jinsi ugonjwa unavyoenea, iwe Kasulu au Uvinza, swali ni hilohilo: "Mbu wa bonde la Malagarasi utawamaliza lini? Kama hawamaliziki, vyandarua ni kazi bure." Nimelisikia mno.

Malaria inategemea mbu wazee. Mbu akinyonya vimelea vya malaria leo, kesho bado hawezi kukuambukiza. Vimelea hukua tumboni mwake, kisha huhamia kwenye tezi za mate, na katika joto la nyuzi 25 hivi safari hiyo huchukua kama siku 12. Wengi hufa kabla. Chukua mbu 100, kila siku afe mmoja kati ya kumi waliobaki: siku ya 12 wapo 28. Vifo vikiwa wawili kati ya kumi, wanabaki 7. Vifo mara mbili, mbu wa hatari robo tu, na dimbwi hata moja hujafukia! Mbu jike hutafuta damu kila baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo kabla hajawa wa hatari atakuwa amekutana na chandarua chenye dawa mara nne au tano. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyewaona vimelea ndani ya mbu mwaka 1897, alishaonyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua mbu wote. Kompyuta hufanya hesabu hiyo kwa maelfu ya kaya, pamoja na mvua na joto. Mwaka 2017 asilimia 24 ya watoto wadogo waliopimwa Kigoma walikuwa na malaria. Kwa hiyo chandarua kilichogeuzwa wavu wa dagaa kinaniuma sana.

Nasikia na mengine. "Kompyuta inapiga ramli." Hapana. Inalinganisha: vyandarua vikigawiwa kabla ya masika au baada yake, tofauti ni ipi?

"Modeli ya malaria inatosha kwa dengi." Haitoshi. Mbu wa dengi huuma mchana na huzaliana kwenye ndoo na matairi ya uani kwako.

"Rejista ya zahanati haina kazi kwako." Ndugu zangu wahudumu, bila rejista sina modeli! Andikeni na waliopimwa wakakutwa hawana vimelea. Wagonjwa 40 kati ya 50 waliopimwa ni habari moja, 40 kati ya 400 ni nyingine kabisa. Na muulizeni mgonjwa alilala kitongoji gani wiki mbili zilizopita, maana huenda huko ndiko alikoumwa na mbu.