Kabla ya Kupanda Treni India: Isome Tiketi Ungali Mtwara

Kazi yangu hapa Mtwara mjini ni kuwakatia watu tiketi za safari za nje, na wateja wangu wengi ni wagonjwa na ndugu zao wanaokwenda kutibiwa India, ambao hushuka kwenye ndege Chennai au Delhi na kumalizia safari kwa treni. Reli yetu ya kusini mwa Tanzania, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ilifungwa mwaka 1962, kwa hiyo mazoea tunayosafiri nayo ni ya basi la Dar es Salaam: utingo huhesabu abiria, dereva hupiga honi, na aliyeshuka kuchimba dawa husubiriwa. Treni haimsubiri mtu, na karibu kila unachohitaji kujua kimeandikwa kwenye tiketi.

Anza na saa. Tiketi hufuata mtindo wa saa 24, na tarehe hubadilika usiku wa manane. Kijana mmoja wa Newala, akimsindikiza mama yake, alikuwa na tiketi ya tarehe 14, saa 00:40. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa 6 na dakika 40, usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani walipaswa kutoka hotelini jioni ya tarehe 13. Wao walikwenda stesheni usiku wa tarehe 14, wakati treni yao ilikuwa imeshaondoka usiku uliotangulia, na yule mama mgonjwa akakesha kwenye benchi. Tiketi niliwakatia mimi na sikuwaeleza. Jambo hilo bado linaniuma. Tangu hapo kila tiketi ninayoitoa naiandika juu yake kwa wino mwekundu: "Uwe stesheni Jumatatu saa 4 usiku, treni inaondoka saa 6:40, usiku wa kuamkia Jumanne."

Jina la stesheni nalo lisomwe lote. Delhi ina New Delhi, Delhi Junction, Hazrat Nizamuddin na Anand Vihar, na Chennai ina Central na Egmore. Ukimwambia dereva wa teksi jina la mji peke yake, anaweza kukupeleka siko. Anayekwenda hospitali za Vellore kwa kawaida hushukia Katpadi, kwa hiyo asishtuke akikosa neno Vellore kwenye tiketi yake. Herufi za mkato ndizo salama zaidi kumwonyesha mtu: MAS ni Chennai Central, NDLS ni New Delhi, KPD ni Katpadi.

Kisha tazama hali ya nafasi yako. CNF maana yake una kitanda. RAC inakuruhusu kupanda, lakini kiti kimoja mtakaa wawili mpaka kitanda kipatikane. WL ni orodha ya kusubiri, na tiketi ya mtandaoni inayobaki WL hadi orodha ya mwisho ya abiria inapotolewa hufutwa, hata kama nauli ulishalipa. Mgonjwa simkatii tiketi ya WL, hata akinisihi.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni urefu wa treni. Behewa moja lina karibu mita 24, na treni ya mabehewa 22 hupita nusu kilomita. Ukiwa na mgonjwa upande wa mbele na behewa lenu liko mkiani, katika kituo ambacho treni husimama dakika mbili, hamtafika. Kwenye stesheni kubwa ubao wa jukwaani huonyesha kila behewa litasimama wapi; tafuta lako, tuseme B3, ukasimame hapo mapema, pasipoti halisi ikiwa mkononi, kwa kuwa mkaguzi ataitaka.

Mizigo haina buti. Huwekwa chini ya kitanda cha chini, na wenyeji huifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye pete zilizopo hapo. Vyote viwili nunua kabla ya safari.

Mwisho ni kitanda chenyewe. Wakati wa kukata tiketi mwombee mgonjwa LB, kitanda cha chini, kwa sababu UB, kitanda cha juu, hupandwa kwa ngazi nyembamba. Penye vitanda vitatu vya kupandana, cha katikati hufunguliwa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nje ya muda huo hukunjwa, na wote watatu hukaa kwenye kile cha chini, kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kukaa mchana kutwa atafutiwe treni ya usiku.