Je, Dawa ya Kolesteroli Huua Nguvu ya Klopidogreli?

Wapo wagonjwa wa moyo wanaoacha atorvastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli, kwa kuamini kwamba huidhoofisha klopidogreli, dawa inayozuia chembe sahani za damu zisishikamane. Hofu hiyo haikuzuka bure: mwaka 2003 watafiti waliripoti kuwa, katika vipimo vya maabara, atorvastatini ilipunguza kazi ya klopidogreli, kwa kuwa zote mbili hupitia kimeng'enya kimoja cha ini, yaani protini inayochakata dawa. Lakini kipimo cha maabara si mgonjwa. Uchambuzi wa majaribio makubwa ya tiba haukuonyesha kwamba waliozitumia pamoja walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo au kiharusi, na klopidogreli huamshwa hasa na kimeng'enya kingine, ambacho huzuiwa na omeprazoli, dawa ya tumbo ambayo wengi hujinunulia bila hata kumtajia daktari.

Mwingiliano unaostahili tahadhari ni wa tikagrelori, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani kushikamana, na simvastatini, dawa nyingine ya kolesteroli: ya kwanza huongeza kiwango cha ya pili katika damu, ndiyo maana simvastatini haipaswi kuzidi miligramu 40 kwa siku, na maumivu ya misuli yasiyo na sababu au mkojo mweusi humtaka mgonjwa amwone daktari mara moja.